Dakika za Chipukizi: Mjadala wa Mpira wa Kikapu kati ya Kasongo na Kabambare

Kuna mchezo wa intaneti unaoitwa BuzzerBeater. Kila anayejiunga hupewa klabu ya mpira wa kikapu aiendeshe: asajili wachezaji, apange timu, auze tiketi, na zaidi ya yote alee chipukizi. Hakuna kuruka wala kurusha mpira. Meneja anasoma majedwali, anaamua, kisha anasubiri mechi ichezwe yenyewe. Kwa kuwa kurasa zake ni maandishi na tarakimu, kijana wa mji kama Kasongo anaweza kuendesha klabu yake bila kompyuta ya bei kubwa.

Mada ya mjadala huu ni hii: kijana wa kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, anayejua kulea wachezaji wa kwenye simu, je, amejifunza lolote la kumsaidia kulea watoto wa mtaa wake? Nimepanga sauti tatu zijibizane. Kijana anamaliza sekondari Kasongo, na mchezo huo anaucheza. Mwalimu anafundisha michezo katika shule ya upande wa Kabambare. Mama ndiye mzazi wa Kijana; anauza mchele sokoni na ana watoto wa kiume na wa kike. Sauti hizi nimezitunga mimi, lakini hoja zao ni zile zinazotukabili kweli. Upande wangu nitausema mwishoni.

Dakika ni za nani?

KIJANA: Mwalimu, Mama, naomba nianze na kanuni moja, maana ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu. Mchezaji aliyekaa benchi hafundishiki. Kila juma meneja anachagua stadi ya kufundisha na nafasi itakayofundishwa. Nikichagua pasi kwa wapangaji wa mchezo, kijana wangu hapati mafunzo kamili mpaka acheze dakika 48 katika nafasi hiyo, ukijumlisha mechi zake zote za juma. Akicheza 20, anapata pungufu. Asipocheza kabisa, juma limempita bure na umri unasonga. Sasa tazameni mashindano ya shule zetu. Wanaanza watano warefu, wanamaliza walewale watano. Wadogo wanashika chupa za maji na kupiga makofi. Mwaka unaofuata wale warefu wameshapata diploma ya Serikali, mmoja yuko Kindu, mwingine Bukavu, na shule haina timu. Tulikuwa na wachezaji kumi na wawili, tukafundisha watano.

MWALIMU: Hoja ya dakika siipingi, mtoto wangu. Nakuongezea hesabu yake. Mechi ya kimataifa ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi, na uwanjani kila timu ina watu watano. Hizo ni dakika 200 za kugawa kila mechi. Kocha anayewapa watano zote amechagua kombe la leo, na anajua. Ninachopinga ni kingine. Chipukizi wa kwenye simu yako anaingia klabuni akiwa na miaka 18 au 19, ameshiba, ana viatu, hana malaria. Unamwekea zoezi, anajifunza. Wa kwangu anakuja uwanjani kutoka shamba la mihogo, na wengine wametoka kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Salamabila na Namoya. Kuna waliofika kwetu na familia zao wakikimbia risasi. Kabla sijamfundisha pasi, namwuliza amekula nini. Mchezo wako haujawahi kuuliza swali hilo.

KIJANA: Kweli, hauulizi. Lakini unauliza jingine ambalo huku hatuulizani: juma hili tunafundisha nini? Mchezaji ana stadi kumi kubwa, mbali na pumzi na mitupo huru. Miongoni mwazo kuna kutupa kwa karibu na kwa mbali, kudunda, kupenya, pasi, ribaundi, kuzuia mitupo, ulinzi wa nje na wa ndani. Huwezi kuzifundisha zote kwa mara moja. Unapanga msimu mzima, majuma 14, ujue unaanza na ipi na kwa nini. Unajifunza pia kwamba wa miaka 18 anapanda haraka, na kadiri miaka inavyoongezeka kila hatua inachelewa. Meneja mwenye pupa ananunua mkongwe mnadani, anashinda mechi chache, kisha mishahara inamwelemea. Mwenye subira anapoteza mechi leo ili awe na timu kesho. Shuleni tunafika, tunagawana pande mbili, tunacheza mpaka giza. Ukituuliza muhula huu tumejifunza nini, hatuna jibu.

MAMA: Hapo nimemwelewa mtoto. Mwenye shamba anayepika mbegu yake ya mpunga ili ashibe leo, mwaka ujao atakuja kwangu kukopa. Kocha wa watano amepika mbegu.

Nani amekipima kikomo?

MWALIMU: Mpango, naam. Subira, naam. Lakini, kijana wangu, eleza na ile sehemu nyingine. Si kweli kwamba kila chipukizi wako ana kikomo cha kipaji kilichoandikwa?

KIJANA: Ni kweli. Kuna madaraja 12, kuanzia asiyefaa hata benchi hadi gwiji wa nyakati zote. Anapokaribia kikomo chake, mafunzo yanazorota. Kwa hiyo wengi wetu tunasoma kikomo kwanza. Mwenye daraja la chini tunamwacha, mwenye daraja la juu tunamwekea kila kitu.

MWALIMU: Hicho ndicho kinachonitia hofu. Ukizoea kusoma kikomo kwenye simu, utaanza kukitafuta kwenye nyuso za watoto. Na nyuso hazina tarakimu. Mchukue Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966. Utotoni alipenda mpira wa miguu, kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1987 alifika Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ajili ya masomo, nia yake ikiwa ni udaktari, na mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Umri wake ulikuwa miaka 21. Katika mchezo wako, mtu wa miaka 21 ambaye bado hajaanza angewekwa wapi? Miaka minne baadaye, mwaka 1991, Denver Nuggets walimchagua wa 4 kati ya vijana wote wa mwaka huo. Alistaafu akiwa amezuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mfikirie pia Joel Embiid wa Yaoundé. Alikuwa na miaka kama 15 alipoanza kikapu, na mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa msimu wa NBA. Nani angekipima kikomo cha hao wawili?

KIJANA: Mwalimu, hao ni wawili kati ya mamilioni. Wewe una mipira miwili na kikapu kimoja, watoto wanaokuja jioni ni wengi kuliko unavyoweza kuwagusa. Hata usipotaka, unachagua. Kila ukimrudishia mpira huyu, umemnyima yule. Mchezo unasema wazi jambo ambalo makocha wanalificha: si wote watafika. Si afadhali kuchagua kwa kuandika na kufikiri, kuliko kuchagua kwa urafiki, au kwa sababu mtoto huyu ni wa mkubwa fulani?

MWALIMU: Umesema jambo zito, silikwepi. Uchaguzi wa upendeleo upo na unaharibu. Lakini tofautisha hukumu mbili. Ya kwanza inasema: leo fulani yuko tayari kuanza. Hiyo ni kazi ya kocha, na kesho inaweza kubadilika. Ya pili inasema: fulani hawezi kufika popote. Hiyo hakuna kocha mwenye haki ya kuitoa juu ya mtoto wa miaka 13. Katika mchezo wako mrefu anajifunza upesi kazi za chini ya kikapu, mfupi anajifunza upesi kazi za nje, na urefu haubadiliki. Watoto wangu wanakua. Anthony Davis wa Chicago alikuwa mlinzi wa nje alipoingia sekondari. Akarefuka karibu sentimita 20 kabla ya kumaliza, na alipofika chini ya kikapu alikuwa bado na mikono ya mtu wa kudunda na kutoa pasi. Kocha wake angemfungia kazi moja kwa kipimo cha mwaka wa kwanza, tungempoteza yule mchezaji. Kwa watoto, fundisha kila mmoja kila kitu. Nafasi itajitafutia yenyewe.

KIJANA: Basi kwa watoto wadogo mchezo wangu hauna la kusema.

MWALIMU: Hauna mengi, kwa kuwa unaanzia miaka 18. Kazi kubwa zaidi ya kulea inakuwa imekwisha kabla ya hapo. Dunia ya kikapu yenyewe inajua hivyo. Watoto wa chini ya miaka 12 wana mchezo wao, mpira wao ni mdogo wa namba 5, na kikapu chao kinawekwa mita 2.60 badala ya mita 3.05. Fundi wa kuchomelea hapa kwetu anaweza kutengeneza pete hiyo kwa nondo, na mbao zipo. Watoto wetu tunawaanzisha kwenye kikapu cha watu wazima, wanatupa mpira kwa kupinda mgongo, kisha tunasema hawana kipaji.

Mama ana maswali

MAMA: Nimewasikiliza. Sasa mnijibu mimi, maana mega za intaneti za mchezo huo zinatoka kwenye mchele wangu, na pesa ya kuchajisha simu pia. Swali la kwanza: jioni mwanangu ameinamia simu akilea watoto wasiokuwepo. Mdogo wake yuko pale mlangoni na mpira wa matambara. Nani anamlea huyo?

KIJANA: Mama, muda wa mchezo si mwingi. Mechi ni chache kwa juma, uamuzi wa mafunzo ni mmoja. Anayekaa humo usiku kucha amejitakia. Lakini nimekusikia kuhusu mdogo wangu.

MAMA: La pili. Katika klabu yako kuna binti?

KIJANA: Wote niliowalea humo ni wanaume.

MAMA: Basi umelea nusu ya nyumba. Mwalimu, mwambie historia ya wanawake wa nchi hii.

MWALIMU: Wanawake ndio walioijengea nchi hii jina katika kikapu. Enzi za Zaire timu yao ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983, ikarudia mwaka 1986, ikatwaa tena mwaka 1994, na mwaka 1996 ikacheza Olimpiki ya Atlanta. Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwemo kwenye kikosi cha Atlanta, kisha akawa bingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani akiwa na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002. Timu ya wanaume haijawahi kutwaa ubingwa wa Afrika. Kama tungegawa dakika kwa kufuata matunda, mabinti wangepewa uwanja kwanza.

MAMA: Kumbe. Na huku binti yangu anaambiwa jioni ni ya kuteka maji, uwanja ni wa kaka zake. La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mwanangu huniambia: «Mama, leo nimemuuza kijana wangu, nimepata faida.» Anasema kwa furaha. Najua ni mchezo. Lakini tunaishi Kasongo. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip, na watu walipitishwa hapa na Kabambare wakielekea Ziwa Tanganyika, wakiwa wamefungwa. Sitaki mtoto wangu azoee kuwahesabu vijana kwa bei.

KIJANA: Mama, neno hilo sina jibu lake la haraka. Katika mchezo kuuza ndiko kunakoendesha klabu: unamlea mpaka thamani yake ipande, unamweka mnadani, unanunua wengine wachanga. Hata hivyo mchezaji wa kweli pia huhama, na mara nyingine kuhama ndiko kunakomwinua. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, mtoto wa upande wetu huu wa mashariki. Mwaka 2016 alikwenda Marekani, mwaka 2021 akachaguliwa wa 7, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa na Golden State Warriors. Angebaki, tungelijua jina lake?

MWALIMU: Kuhama si dhambi. Ninachouliza ni nani anaamua na nani anafaidika. Shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, linakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizothibitishwa. Kanuni hiyo imewekwa kwa sababu kuna watu wanaokuja kwa wazazi na ahadi za shule na viatu, wanachukua mtoto mrefu, wanapunguza umri wake kwenye karatasi, na akivunjika goti wanamwacha ugenini. Mzazi wa Kabambare anayejua kanuni hiyo ana pa kusimama. Asiyeijua atatia kidole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa asiyoweza kuisoma.

MAMA: Na waliofika juu, walitukumbuka?

MWALIMU: Wapo waliokumbuka. Mutombo alijenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake, Biamba Marie, ikafunguliwa mwaka 2007. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alitoa mshahara wake wote wa msimu wa 2021–22, alipokuwa Phoenix Suns, ili ijengwe hospitali kwa jina la baba yake, François. Hao hawakuwa bidhaa. Walikuwa watoto wa watu, na waliendelea kuwa hivyo.

Daftari

KIJANA: Basi niambieni la kufanya. Nimejifunza kitu, sitaki kukitupa.

MAMA: Nitakuambia mimi, baba. Kwenye simu unajua kila mchezaji wako amecheza dakika ngapi juma hili. Chukua daftari la shule, andika majina ya watoto wa mtaa, mabinti na wavulana. Kila jioni andika nani amekuja, amecheza dakika ngapi, amejifunza nini. Daftari halitaki mega wala chaji.

MWALIMU: Nami naongeza safu mbili katika daftari hilo: amekula, hajala, yuko shuleni, hayuko. Usiandike kikomo cha mtu yeyote. Mtoto akikosa siku tatu, nenda kwao ukaulize. Huenda yuko kwenye shimo la dhahabu, na huenda swali lako ndilo litakalomtoa.

KIJANA: Na siku ya mechi?

MWALIMU: Siku ya mechi daftari liwe juu ya meza, mzazi yeyote alisome. Hapo hutaweza kumpendelea rafiki yako, wala mimi wa kwangu.

KIJANA: Nitaanza na mdogo wangu.

MAMA: Na dada yake.

Upande wangu

Nimeahidi kusema nilipo. Kuhusu dakika, nasimama na Kijana. Mchezo ule umeweka kwenye kanuni jambo ambalo makocha wengi wa watu wazima wanalikwepa: anayenyimwa uwanja ananyimwa elimu. Kipaji hakikui kwa kutazama wengine. Kijana aliyelielewa hilo akiwa na simu mkononi amejua nusu ya kazi ya ukocha, na tungekosea kumdharau kwa sababu amelijua kwa njia ya mchezo.

Kuhusu kikomo, nasimama na Mwalimu bila kusita. Tarakimu ya kipaji ni lazima iwepo kwenye mchezo, la sivyo mchezo hauendi. Ikihamia uwanjani inakuwa dhuluma, kwa kuwa kocha wa kijijini atakuwa anakisia tu, na mtoto ataamini kisio hicho maisha yake yote. Maniema ina ushahidi wake kwamba pembezoni si kikomo: AS Maniema Union ya Kindu, klabu ya mpira wa miguu kutoka mji ambao wengi hawakuutazamia, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024–25.

Na kuhusu masharti ya kulea, nasimama na Mama. Mtoto hana bei, binti ana haki ya uwanja sawa na kaka yake, na malezi yanayoruka swali la chakula na shule hayastahili kuitwa malezi.

Kwa hiyo ninawaomba maprefe wa shule za Kasongo na Kabambare, za Kikatoliki, za Kiislamu, za Kiprotestanti na za Serikali, wakubaliane juu ya kanuni moja kabla ya mashindano yajayo: kila mtoto aliyeandikwa kwenye kikosi acheze walau robo moja nzima ya kila mechi, na timu isiyotimiza hilo ihesabiwe imeshindwa. Siku za uwanja zigawanywe nusu kwa nusu kati ya wavulana na mabinti. Pete moja iwekwe chini, mita 2.60, kwa ajili ya wadogo. Wafanyabiashara wa miji hii miwili wanunue mipira. Gharama yake si kubwa kuwashinda, na mpira mmoja hutumika na watoto wengi.

Kwako wewe kijana mwenye klabu kwenye simu, neno langu ni fupi. Usiifute klabu yako. Ila kila juma, kabla hujawachagulia wachezaji wako wa kwenye skrini zoezi, hakikisha umeshawafundisha watoto wa mtaa wako pasi moja, kwa mikono yako, na umeandika dakika zao.